Mninga Uliovalishwa Kaniki

Mgeta, Jumanne 14 Mei 2024

Prisca mwanangu,

Umeamkaje? Umekula? Kama hujala, kula kwanza, maana barua hii si ya kusomwa na njaa. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo unanichemka tangu juzi.

Nimekupigia mara saba kwa simu ya Esther jirani, inalia weee, hupokei. Basi naandika, nampa Dadi wa lori la kabichi akukabidhi mkononi huko Mwembesongo. Simu unaweza kuiacha ilie. Barua itakutazama mpaka uifungue.

Jubilei ya kigango ilikuwa Jumapili. Watoto sita wa kwaya wamevaa nyeupe tupu, na zile filimbi sita nyeusi ulizotuchongea zinang'aa, mpaka paroko akageuka kutazama. Mimi shingo imenirefuka, khanga mpya, maana hakuna mtu mle kanisani asiyejua kazichonga nani. Wimbo wa kwanza ukaenda, sauti tamu, sikatai. Wimbo wa pili nikamwona mtoto wa Glory anajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Shati likawa jeusi! Kutazama wenzake, wote sita midomo myeusi kama wamelamba chungu.

Tulipotoka nje, Yohana mtani wetu hakungoja hata baraka zipoe. Kajipaka masizi midomoni, kashika kijiti kama filimbi, anazunguka uwanja mzima: "Njooni muone, ukoo wa Cecilia siku hizi wanakula mkaa, viazi wamewauzia ninyi!" Watu wakakaa chini kwa kucheka. Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila, na mimi nikacheka. Nimecheka, Prisca, huku machozi yananitoka.

Deogratias mwalimu wa kwaya anasema eti ni jasho la mti. Jasho! Hawa wa huku juu hawaujui mpingo, huku kwenye baridi haumei. Mimi nimezaliwa Kisaki, nimekua nao. Mchi wangu wa kutwangia ni mpingo, mama yangu alinipa nikiolewa, miaka yote hiyo haujampaka mtu rangi. Mpingo ni mweusi mpaka moyoni. Nikaomba filimbi moja, nikaenda nayo nyumbani, nikaitia kwenye beseni la maji. Mpingo ungezama kama jiwe. Hii ikaelea! Inaogelea kama bata, na maji yamekuwa wino. Nikaikwangua kwa kisu upande wa chini. Nyekundu. Mninga, mwanangu. Mninga wa milango na vitanda vya maharusi, mti wenye heshima zake, umevalishwa kaniki kama mfiwa.

Huyo fundi Said anayekufundisha kuchonga ni mtu wa namna gani? Kala viazi vya kwaya tulivyomlipa, magunia manne, katuletea uongo. Na wewe kakutapeli, kakupa mti ukachonga ukidhani ni mpingo. Najua hukujua. Nakujua tangu tumboni. Lakini nina hasira, nakwambia, hata ugali unanishinda kusonga.

Deogratias bado sijamwambia. Maji ya beseni nimeyamwaga nyuma ya nyumba. Niambie nifanye nini.

Mama yako,
Cecilia


Mwembesongo, Jumamosi 18 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, Dadi kanikabidhi mwenyewe. Nisamehe kwa simu, kwenye karakana mashine zinapiga kelele, sisikii.

Pole kwa ya Jumapili. Nimeumia, hasa kwa watoto. Waambie wafute midomo kwa mafuta ya alizeti, itatoka.

Mama, hasira ipungue kidogo nikueleze. Si kila filimbi nzuri ni ya mpingo. Mpingo una mafuta yake ndani. Pumzi ya mtu ina maji, na mti mwingine unayanywa, unavimba, ukikauka unapasuka. Mpingo haunywi. Ndiyo maana watu wa ng'ambo wanaugombania kwa ala zao za kupuliza. Lakini mninga nao una sauti yake. Fundi anasema mpingo ni mtu anayezungumza amesimama, mninga ni mtu anayezungumza amekaa. Sisi wanafunzi tunaanzia mgrevilea, huo wa mipaka ya mashamba huko nyumbani, maana ukiuharibu hakuna anayelia. Sauti hasa inatoka kwenye tundu na ule mdomo wa filimbi, ukikosea hapo hata mpingo utakoroma.

Kwa hiyo tusimlaumu mtu haraka. Labda ile rangi ilikuwa ya kuhifadhi tu.

Nakuomba, mama, usimwandikie fundi. Ana ugonjwa wa presha. Nitashughulika mwenyewe.

Mwanao,
Prisca


Mgeta, Jumanne 21 Mei 2024

Kwa Fundi Said, karakana ya ala za mbao, Mwembesongo

Mimi ni Cecilia, mama yake Prisca. Wewe ni mtu mzima kuliko mimi, nilitakiwa nianze na shikamoo. Shikamoo yangu nimeiweka kwanza. Nikijua kama inakustahili nitaileta.

Mwanangu kaniandikia, maneno yake yamejaa woga. Ananiomba nisikuandikie. Mtoto hawezi kumwogopa mtu bure. Basi mimi sina kazi karakanani kwako, wala tindo yako siishiki, ngoja niseme.

Umetuletea mninga uliopakwa rangi ya viatu ukauita mpingo. Usinibishie. Harufu ya rangi ya viatu naijua, nimemsugulia marehemu mume wangu viatu vya Jumapili miaka kumi na tisa. Watoto wa watu wameimeza mbele ya paroko! Ulifikiri huku milimani wote ni wakulima wa kabichi, hatujui mti? Mimi ni wa Kisaki. Tukiwa wadogo tulikuwa tukisikia mpingo unavyolia ukikatwa, shoka linaruka kama limepiga reli. Nimeona malori yanaupakia, magogo yenye moyo mweusi, yanaondoka, yanaondoka. Hata siku moja sikuona lori linarudi na filimbi. Mti umeota kwetu, babu zetu wameulinda usiungue moto, na leo mtoto wa Mluguru akitaka kupuliza wimbo mmoja wa Mungu anapewa mti mwingine uliopakwa masizi! Wa kweli unamwekea nani?

Na binti yangu umemfundisha nini? Kuchonga au kudanganya? Nilikuletea mtoto safi. Nilimpandisha lorini mwenyewe, nikamwambia kamsikilize fundi kama baba. Umemfanya achonge uongo bila kujua. Fundi gani asiyetofautisha mpingo na mninga? Au macho yako yamezeeka?

Rudisha viazi vya watu, au lete mpingo. Ukikaa kimya nitashuka mwenyewe, na mdomo wangu huu huu.

Cecilia


Mwembesongo, Jumamosi 25 Mei 2024

Mama Prisca,

Assalam aleikum. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nimeisoma nimekaa.

Nina miaka thelathini na nane katika kazi hii. Nimeitwa mkali, nimeitwa mbishi. Mtu asiyejua mti sijaitwa mpaka juzi. Mengine yote uliyoniita nayachukua kwamba ni uchungu wa mzazi. Hilo moja limenikaa kooni.

Sasa sikiliza. Gogo la mpingo lililonyooka sijaligusa mwaka wa pili huu. Yaliyonyooka yana wenyewe kabla hayajafika mjini, kama ulivyosema, na hapo hukukosea. Mimi napata vipande vyenye ufa na vyenye ule weupe wa pembeni usiofaa, natoa nzumari moja kwa msimu. Tena mpingo mbichi hauchongwi. Unawekwa kivulini miaka, ukiuharakisha unapasuka mkononi. Jubilei yenu ilikuwa imebakiza miezi miwili. Prisca aliponiletea maombi yenu nilimwambia, andika nyumbani, waambie watapata mninga, na mninga mzuri. Viazi nimepokea kwa hesabu ya mninga na nimevila kwa jina la mninga. Vilikuwa vitamu.

Filimbi sita nilizikagua mwenyewe. Zilikuwa nyekundu, zimepakwa mafuta ya nazi tu, na nikwambie ukweli, mama, ni kazi bora kuliko zote alizofanya mwanao. Nilifurahi hata nikampa ruhusa azipige chapa yangu. Akazichukua akazifungashe chumbani kwake.

Baada ya barua yako nilimwita, nikaiweka mezani mbele yake. Aliisoma, akatazama sakafu. Nikamuuliza nani kapaka. Akasema, "Mimi, fundi." Alizipaka rangi ya viatu chumbani kwa Irene, rafiki yake, usiku wa kuamkia safari.

Unaniuliza ni fundi gani asiyetofautisha mpingo na mninga. Nami nakuuliza, unadhani mkono uliochonga filimbi sita hautofautishi? Mpingo unakata tindo. Mninga unakatwa na tindo. Hata kipofu anajua.

Sikumfukuza. Nimemwambia aweke tindo chini, asiingie karakana mpaka jina langu lisafishwe kule kule lilikochafuliwa. Namna ya kulisafisha sikumwambia. Anaijua.

Said


Mgeta, Jumanne 28 Mei 2024

Prisca,

Sikuulizi kama umekula.

Nimesoma barua ya mzee Said nimesimama shambani, jembe mkononi, nikakaa juu ya tuta nikavunja miche ya watu. Uliniacha nimtukane mzee wa watu! Nimemwambia macho yake yamezeeka. Nimemnyima shikamoo, mimi, niliyewafundisha ninyi kusalimia hata chizi wa sokoni. Na wewe unaniandikia habari za mafuta ya alizeti! Labda ni rangi ya kuhifadhi! Labda! Ulikuwa umeshika brashi mkononi unaniambia labda!

Nilisema nakujua tangu tumboni. Mbele ya Esther nilisema, mbele ya Mungu wangu nilisema. Sasa nilikuwa namjua nani?

Huna baba, sawa. Lakini unaye mjomba, Hashimu yuko Kisaki, na kwetu mtoto akipotoka anaitwa mjomba wake. Bado sijamwita. Kalamu ninayo. Ninangoja uniambie kwa nini. Usinifundishe tena mti unavyokunywa maji. Nataka kujua kwa nini.

Cecilia, mama yako hata nikiwa na hasira


Mwembesongo, Jumamosi 1 Juni 2024

Mama,

Shikamoo.

Unataka kwa nini. Nitakwambia, na ukikasirika ukasirike, mimi pia nina hasira.

Mwezi wa tatu ulinipigia simu kwa furaha. Ukasema, "Nimeshatangaza." Nikakuuliza, umetangaza nini? Ukasema umesimama kanisani wakati wa matangazo, ukawaambia kigango kizima kwamba mwanao Prisca anachonga mpingo, na jubilei watapuliza mpingo. Mpingo, mpingo, mpingo, ulisema mara tatu kwenye simu, na nyuma nikasikia watu wanapiga vigelegele. Nilianza kukwambia, "Mama, mimi bado—" ukasema vocha inaisha.

Mpingo sijawahi kuruhusiwa kuugusa. Nina mwaka mmoja na nusu. Kwa fundi mpingo unaguswa mwaka wa nne. Niliwahi kukwambia ninauchonga? Nilikwambia nafagia vumbi la mpingo. Ukasikia nauchonga. Hukuniuliza. Huwa huniulizi, mama. Shuleni ulimwambia mwalimu nitakuwa sista. Msibani kwa baba uliwaambia watu silali kwa majonzi, nami nilikuwa nalala. Kila nikifika mahali nakuta umeshasema mimi ni nani, na kazi yangu inabaki kufanana na hayo maneno.

Siku fundi aliponiambia andika utapata mninga, nilikaa na karatasi jioni tatu. Nikamwona akilini Yohana na utani wake. Nikakuona wewe na shingo uliyoirefusha. Nikachonga mninga kwa mkono wangu wote. Zilipokamilika zilikuwa nzuri, mama. Unajua mninga ukipakwa mafuta unavyofanana na udongo wa kwetu baada ya mvua? Nililia nikizipaka ile rangi. Irene anajua. Nilijiambia watazitazama tu, hazitapulizwa sana.

Si haki wewe kubeba kosa hili. Nimelifanya mimi, na watoto wamelimeza. Fundi nimemwaibisha, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia kazi yangu ni nzuri baada ya kuitazama. Wewe huwa unasema nzuri kabla.

Sasa nakaa kwa Irene, namsaidia kuuza maandazi. Tindo zangu ziko kwenye mfuko chini ya kitanda. Kama ninafukuzwa nataka nijue. Kama mjomba anaitwa, aitwe.

Prisca


Mgeta, Jumanne 11 Juni 2024

Prisca mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Dadi kapita mara tatu anauliza, "Mama, jibu?" namwambia bado linachemka. Nikaanza kuandika nikachana. Nikaandika tena, ikawa yote ni mimi, mimi, nikachana tena. Karatasi za daftari la Shukuru zimekwisha, mdogo wako ananinunia.

Usiku wa maziko ya baba yako kweli ulilala? Nilikaa nje na wakinamama nikiwaambia mtoto hali wala halali. Mungu anisamehe. Nilitaka wakuonee huruma.

Mzee Said nimemwandikia. Shikamoo yake nimemfikishia, tena mbili, moja ya deni. Nimemwomba radhi kwa macho. Lakini nimemwambia pia hakunipendeza jambo moja: chapa ni yake, jina ni lake, angefunga mzigo mwenyewe. Kanijibu kwa mdomo wa Dadi kwamba hapo nimempata. Na kwamba meza yako hajampa mtu, ila mlango haujafunguka bado.

Jumamosi nikaenda kwa Deogratias. Nimemwambia ni rangi, na aliyetangaza mpingo ni mimi bila kuulizwa wala kuuliza. Unajua kanijibu nini? "Mama Cecilia, nyamaza. Tupake vanishi juu, ikauke, nani atajua? Kwaya ya ng'ambo ya bonde wamezionea wivu filimbi zetu nyeusi." Nani atajua! Mwalimu wa kwaya! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, watoto waliomeza wanajua, aliyechonga anajua, mimi najua, na huyo unayemwimbia kila Jumapili unadhani yeye kalala? Akasema basi hebu nieleze mimi, huo ni mti gani, na kapaka nani, na kwa nini, ili awaambie wanakwaya.

Prisca, maneno yalikuwa yamefika hapa kwenye meno. Ningeyasema vizuri. Ningesema mwanangu ni mtoto mwema, kashinikizwa, ana huruma, alilia. Nikayameza. Yana uchungu kuliko mwarobaini. Nikamwambia, "Aliyezichonga yupo. Mwulizeni yeye."

Basi hujafukuzwa nyumbani kwenu, mjinga wewe. Mjomba sijamwita. Panda na lori Ijumaa, Dadi kasema atakuachia nafasi mbele, si juu ya matenga. Njoo na msasa na mafuta ya nazi. Utazikwangua mwenyewe, kila mtoto amekaa na ya kwake. Sitakushikia mkono. Sitakutetea. Chai nitakupikia, na magimbi, maana naona Irene anakulisha maandazi tu.

Nikiongea, nikanyage mguu.

Mama yako,
Cecilia


Mgeta, Jumatatu 17 Juni 2024

Fundi wangu,

Shikamoo.

Jana nilisafisha nilichochafua. Nakuandikia kabla sijashuka, ili usiseme nimekuja kukuomba kwa macho. Kama mlango utakuwa umefungwa nitakaa nje.

Jumamosi tulikaa kwenye uwanja wa kigango tangu asubuhi, watoto sita na mimi. Rangi ilikuwa imeingia kwenye matundu, ikanibidi nitumie kijiti na kitambaa. Moja ina ufa mdogo kwa mate, karibu na mdomo. Hiyo nimeichukua, nitaitengeneza upya, na mtoto wake nimempa filimbi yangu ile ya mgrevilea ya kujifunzia. Anasema inakoroma. Nimemwambia ni kweli.

Watu walikuwa wanapita wanaangalia. Wengine walisema afadhali nyeusi. Mzee Yohana, mtani wetu, alileta kiti akakaa karibu kabisa akanitazama saa nzima bila kufanya mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jana baada ya misa, wakati wa matangazo, mwalimu Deogratias aliniita mbele. Watoto walikuwa wamesimama na filimbi nyekundu, zinanukia nazi. Alikuwa bado amekasirika, kwa sababu kwaya ya ng'ambo ya bonde, wanaoshindana nao, ilikuwepo. Akauliza kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, "Haya, tuambie. Huu ni mti gani?"

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake, ameushika upindo wa khanga kwa mikono miwili, ameujaza mdomoni, ameuma. Machozi yanamtoka. Watu waliomzunguka wote walikuwa wamemgeukia yeye, wanangoja aseme, kama walivyozoea.

Hakusema.

Nikasema, "Mninga." Kisha nikasema nani aliupaka.

Mwanafunzi wako, kama bado,
Prisca